Nazi za Koko na Nazi za Bahari

Mwamini binti yangu,

Ninakuandikia mchana huu nyumba ikiwa kimya kwa mara ya kwanza wiki nzima. Mama yako amekupeleka Kavimvira kuwaaga shangazi zako, na najua hamtarudi mapema, maana shangazi zako hawajui kumuaga mtu bila kumlisha mara mbili. Nimekalia sanduku lako ili lifungike. Limekataa. Basi nimelikalia hivyo hivyo na karatasi juu ya magoti, na ukiona mwandiko umepinda, lawama ni ya sanduku.

Ya sabuni, ya shuka, ya kutonunua vitu vya kukaanga kamyo la kukupeleka likisimama Sange, mama yako amekwisha kusema, na kesho atasema tena injini ikiwa inawaka. Mimi nitakuandikia habari za nazi. Usicheke. Unakwenda Bukavu kusomea vyakula, kujua ndani ya chakula kuna nini na kinaufanyia nini mwili, na kazi hiyo baba yako aliifanya kabla hujajua kusoma. Kuna jambo moja ndani yake hujawahi kuambiwa, na linakuhusu wewe zaidi ya mtu yeyote hapa nyumbani.

Unajua nilianza pale kituo cha kilimo kwa kuosha chupa. Baadaye yule agronomu Mbelgiji, bwana wa kilimo, aliona mikono yangu haitetemeki, akanifundisha mizani. Ee Mwamini, ile mizani! Ilikaa ndani ya kisanduku cha kioo kwa sababu hata pumzi yako iliitikisa. Siku ya kwanza nilipima unywele wangu mmoja, nao ukawa na uzito. Nilitoka nje nikasimama juani, nikawaza kwamba hakuna kitu duniani kilicho bure kabisa, hata unywele wa kichwa changu unahesabiwa. Padri alikuwa amekwisha kutuambia hivyo kanisani, lakini mimi nilikuwa sijamsadiki mpaka siku ile.

Kupima chakula ni hivi, na utafundishwa vizuri zaidi huko. Unaikuna nyama ya nazi, unaipima, unaikausha katika tanuri mpaka isipungue tena. Kilichopungua ni maji. Kisha unaiosha kwa dawa ya etere, na etere inayabeba mafuta yote na kuyaacha chini ya chupa, manjano kidogo, safi. Nyingine unaichoma mpaka yabaki majivu meupe, kiasi cha kufunika ukucha, na hayo ndiyo madini ambayo mti uliyanyonya kutoka ardhini. Nilipoona majivu hayo mara ya kwanza nilifanya ishara ya msalaba. Agronomu alinicheka. Nami sikuona kwa nini yeye hashangai.

Sasa ile minazi. Unaijua, iko nyuma ya nyumba ya Koko, bibi yako mzaa mama, kule Kilibula, karibu na maji. Aliipanda mumewe, babu yako. Alikuwa akifanya biashara ya samaki wa ndagala na Kigoma, akarudi safari moja na miche ndani ya mtumbwi badala ya chumvi aliyotumwa, na Koko alinuna mwezi mzima. Babu alikufa kabla ya minazi kuzaa. Hakumwacha mtu wa kutuambia inaliwaje. Na sisi watu wa ziwa tunajua mti mmoja tu wa namna ile, mungazi, unaotupa mawese. Ngazi, tunda lake, ikiwa nyeusi haijaiva, ikigeuka nyekundu imeiva, unapanda unakata mkungu. Mtoto wa miaka mitano hapa kwetu anajua hilo.

Basi minazi ya Koko ilipozaa, nazi zake zikawa za rangi ya chungwa, nyekundu kabisa juani. Tungefikiri nini? Zimeiva! Tukapanda, tukakata, tukatoboa, tukanywa maji matamu, na ule utando laini wa ndani tukawapa watoto waulambe kwa kidole. Miaka yote tuliishi hivyo. Kwetu nazi ilikuwa kinywaji. Hakuna hata moja iliyowahi kukaa juu mpaka imalize miezi yake, kwa sababu vijana wa Kilibula walikuwa na macho, na rangi ile iliwaita toka barabarani.

Karibu na Indepanda, uhuru wetu, agronomu aliletewa swali kutoka juu: mnazi unafaa kupandwa ufukoni mwetu, au hapana? Akaagiza nazi za pwani ya bahari, zikaja kwa treni mpaka Kigoma na kwa meli mpaka hapa. Akachukua na za Kigoma yenyewe. Za hapa kwetu Uvira akaniuliza mimi. Nikamwambia kwa majivuno kwamba mama mkwe wangu anazo, nikaenda mwenyewe na kijana wa kupanda, nikamwonyesha kwa kidole zilizo nyekundu kuliko zote.

Nazi za bahari zilifika zimekwisha kufuliwa, hazina makumbi, vifuu vya kahawia tu. Sikuiona ngozi yake ya nje hata siku moja. Tulipozipasua, nyama ilikuwa nene, ngumu, inakatika kwa sauti. Za Koko zilikuwa laini, unaweza kuzila kwa kijiko. Tulipima zote kwa uaminifu, Mwamini, nakuapia, hakuna aliyedanganya hata kidogo. Nyama ya nazi ya bahari, karibu theluthi yake ni mafuta. Ya Kigoma, karibu vilevile. Ya Koko ilitoa mafuta machache sana hata agronomu akaniambia nirudie. Nikarudia. Ikawa vilevile. Akaandika kwamba udongo wa ufuko wetu hauna nguvu, minazi ya Uvira haina chakula, ni maji, heri ikatwe ipandwe mingazi. Nami nikatia sahihi chini yake kama msaidizi, kwa herufi nzuri.

Indepanda ikaja, agronomu akaondoka kwa haraka na paka wake ndani ya kikapu. Karatasi ikabaki. Mkuu mpya wa kituo alikuwa mwenzetu, mtu wa uwandani, mwenye bidii. Alitaka nchi yetu ionekane inafanya kazi bila Wazungu, akasoma karatasi zote alizozikuta kabatini. Alipofika kwenye ile ya nazi akatoa amri: minazi yote ya ufukoni ikatwe, kila mwenye shamba apewe miche ya mungazi. Watu wake wakapita na rangi nyekundu wakipiga alama kwenye mashina. Ya Koko ilikuwa ya kwanza, maana ndiyo iliyopimwa.

Nilikwenda kumwambia mwenyewe. Nilikaa upande wa mlango na kutazama chini, unavyojua adabu ya mkwe. Koko alikuwa akichambua majani ya sombe.

"Mukwe, ni weye njo ulizipima?"

"Ndiyo Mama. Ni minye."

"Na ile mashini yako ilisema nini?"

"Ilisema mafuta iko kidogo sana. Mingi ni maji."

Nilisikia majani yakikatika mkononi mwake.

"Ile miti ni ya marehemu," akasema. "Ndani ya hii nyumba hakuna kitu ingine alichoniachia, nguo zake zote ziliisha. Lakini kama mashini imesema ni maji, minye nitabishana nayo na nini? Wakate."

Angenitukana ningepona haraka. Nilirudi nyumbani na mama yako hakusema nami siku mbili. Ilikuwa miti ya baba yake.

Shoka halikufika. Vita vya uasi vilifika kabla. Mengi ya siku zile unayakumbuka mwenyewe, ulikuwa na miaka kumi. Unakumbuka tulivyopanda milimani, Koko akiwa mgongoni kwa mjomba wako, na jinsi tulivyokuwa tukiona moshi huko chini bila kujua ni nyumba ya nani. Usiyoyakumbuka nitakuambia: ulikuwa unakwisha. Mihogo ya milimani ililiwa na watu wengi kuliko waliokuwa wameilima, na wewe ukawa na tumbo kubwa na nywele nyepesi za rangi ya kutu, na nilijua maana yake. Nilikuwa na mikono inayoweza kupima unywele, lakini nilipokubeba sikutaka kujua uzito wako.

Tuliporudi Kilibula, miezi mingi ilikuwa imepita. Nyumba ya Koko haikuwa na mabati. Shamba lilikuwa limechimbwa lote mpaka mizizi. Lakini minazi ilikuwa imesimama na alama zake nyekundu, na chini yake ardhi ilikuwa imejaa nazi za kahawia, kavu, zimekunjamana ngozi. Hakuna aliyekuwepo kuzikata zilipokuwa na rangi nzuri. Zilikaa juu, zikapoteza rangi, zikachakaa, zikaanguka zenyewe. Mama yako alizitazama akasema zimeoza. Akachukua fagio kuzisukumia majini.

Wewe ukaokota moja. Ulikaa pale kwenye jiwe la kufulia nguo ukaanza kuipiga na kuichana, na mimi sikuwa na nguvu ya kukuambia uache. Ulihangaika nayo mpaka ikapasuka. Kisha ukanyamaza, nami nikageuka, kwa sababu mtoto mwenye njaa akinyamaza ghafla baba lazima ageuke. Ulikuwa unatafuna. Mdomo ulikuwa umejaa, mashavu yote mawili.

"Baba, kuja uone. Hii aiko maji. Mukono yangu inang'ara!"

Nikaja. Nikachukua kipande. Nyama ilikuwa nene kama kidole changu, nyeupe, ngumu, na ilipokatika ilitoa sauti ile ile niliyoisikia siku tulipopasua nazi za bahari. Nilikisugua kipande kati ya vidole, vikateleza. Mafuta! Nikakaa chini mavumbini pembeni yako. Ziwa lilikuwa palepale, hatua chache, maji yasiyo na chumvi, na nyuma yetu mchanga ule ule niliotia sahihi kwamba hauna nguvu. Na mti ule ulikuwa umesimama hapo katikati ya vita ukaendelea na kazi yake, ukatengeneza chakula polepole mpaka kikamilike, bila mtu wa kuutazama. Nilishikwa na hofu, ile hofu nzuri ya kanisani. Nililia, na wewe uliniuliza kama nataka kipande kingine.

Siku ile mama yako alikuna, akakamua, akapika muhogo mbovu tuliouokota pamoja na lile tui zito, na tulikula sufuria moja. Mimi na Koko tulikula sufuria moja, mkwe na mama mkwe, jambo ambalo sijalisikia kwa watu wetu. Hakuna aliyelitaja. Wiki baada ya wiki nilikuangalia mikono yako ikijaa, pamoja na ndagala tulizoanza kupata tena, na nywele zako zikarudi nyeusi.

Lakini amri ilikuwa bado ipo. Kituo kilipofunguliwa, mkuu yule yule alirudi mzima, Mungu mwema, na mojawapo ya mambo ya kwanza aliyouliza ni kama mashoka yameibiwa. Nilikwenda ofisini kwake na nazi moja ya Koko kwapani. Zile hazikuwa siku nzuri za kubadilisha maneno yako, maana mtu akisema leo kinyume cha alichosema jana watu walianza kujiuliza alikuwa upande gani. Nilijua hivyo, na mkewe mkuu alikuwa ananitazama dirishani toka nilipoingia uani.

"Jina yako iko hapa chini," akaniambia akinionyesha karatasi. "Ni weye uliandika ni maji."

"Iko, Mukubwa. Tulipima maji kwa sababu tulikata maji. Ile nazi ilikuwa bado haijakomaa. Tuliona nyekundu, tukafikiri ni ngazi."

"Muzungu naye alifikiri ni ngazi?"

"Yeye alikuwa mutu ya pamba, minazi hakuijua. Minye njo nilimuonyesha ya kukata."

Nikaenda kuipasua kwenye kizingiti cha saruji mlangoni pake. Akatafuna, akatafuna tena, akatema mkononi akatazama, akala. Alikuwa mtu mgumu lakini hakuwa na kiburi cha kudumu.

"Pima tena," akasema. "Za pahali zote tatu. Na kama itakuwa vile vile ya zamani, minye mwenyewe nitaleta shoka, na weye utanishikia muti."

Nilisubiri muda mrefu nazi za bahari na za Kigoma zifike, na etere, na moto wa umeme urudi. Safari hii niliomba nazi zilizoanguka zenyewe tu, na ziletwe na makumbi yake. Mizani ilikuwa imepona. Mtu fulani aliificha ndani ya pipa la pumba, sijajua ni nani mpaka leo, abarikiwe. Siku ya kupima mafuta mikono yangu ilitetemeka kwa mara ya kwanza katika maisha yangu ya kazi, ikabidi nitoke, ninawe uso, nirudi.

Ya bahari, karibu theluthi. Ya Kigoma, karibu theluthi. Ya Koko, Mwamini, karibu theluthi. Nilirudia nikiwa na hakika nimekosea chupa. Tofauti zilikuwa ndogo kiasi kwamba hata nazi mbili za mti mmoja zinaweza kutofautiana hivyo. Maji yake, karibu nusu, kote. Ile sehemu ya nyama inayojenga mwili, kote karibu sawa. Kwenye majivu tu ndipo palikuwa na neno: ya bahari ilikuwa na chumvi zaidi, na yetu ilikuwa na madini mengine ya kwetu, ya mchanga huu unaotoka milimani. Mti ulikuwa umekunywa kilichokuwepo. Bahari kule, ziwa huku, udongo mwingine, mvua nyingine, watu wengine chini yake wanaopigana au wanaooana, na ndani ya kifuu mafuta yale yale. Nani aliufundisha? Nimeuliza swali hilo miaka yote hii na sijapata jibu, wala sijachoka kuuliza. Ukilipata huko Bukavu, niandikie.

Mkuu aliifuta amri kwa kalamu yake mbele yangu. Nilikwenda mbio Kilibula, nikasahau adabu yote, nikamwambia Koko nikiwa nimesimama na nikimtazama usoni. Aliniuliza, "Kwa hiyo haikuwa maji?" Nikamwambia haikuwa maji. Akaingia ndani, na nilimsikia akimwambia mumewe marehemu, kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayemjulisha mwenzake kwamba mgeni amefika.

Sasa lile ambalo hujui.

Mwaka juzi, ulipokuwa na miaka kumi na mitano, wale watu wa Sange walikuja na pombe ya kasiksi na maneno matamu kukuposa. Ulijua walikuja, ulijua nilikataa, na ulinichukia kidogo, nilikuona. Ulifikiri sikumpenda kijana. Kijana nilimpenda sana, anafanya kazi na anamsalimu kila mtu. Familia yake ni watu wa haki. Wajomba zako wote walisema ndiyo. Shangazi zako walisema, "Mutoto ameiva, unangojea nini?" Mama yako mwenyewe alisema hivyo. Na kwa kweli ulikuwa umependeza, Mwamini, ulikuwa unang'aa, mtu anakuona toka barabarani.

Nilisimama mbele yao wote na sikuwa na sababu hata moja ya kuwapa watu wazima. Mjomba wako mkubwa aliniuliza mara tatu, na mara ya tatu nikamwambia ukweli, kwamba ni kwa sababu ya nazi. Walidhani nimelewa. Yeye hajaingia nyumba hii toka siku ile, na kesho hatakuja kukuaga, wala usimlaumu, kwa sababu mtu yeyote mwenye akili angefanya kama yeye. Hata mimi ziko siku nimelala nikijiuliza kama sikukunyima nyumba nzuri kwa ajili ya kitu nilichokiona kwenye chupa ya etere. Sijui. Hakuna mizani ya jambo hilo.

Ninachojua ni kwamba nilikuona ukihangaika na ile nazi kavu kwenye jiwe, mifupa mitupu, ukikataa kuiacha, na tangu siku ile ninakutazama kwa woga na furaha pamoja, kwa kuwa sijui ndani yako kuna nini. Mama yako hajui. Walimu wako hawajui, ingawa wanaandika alama. Nenda ukae huko muda wako. Ukirudi umesoma, ukirudi na mume, ukirudi umeshindwa na mguu mmoja wa kiatu, mlango ni huu huu.

Wengine watakuuliza kila likizo utamaliza lini, utaolewa lini, utaleta nini nyumbani. Mimi baba yako sitauliza. Mimi sina haraka.